Kuhesabu Vichwa

Mimi ni wa chini kabisa, mashine za kufulia zinakokoroma.
Dirisha sina. Asubuhi naijua kwa harufu ya mayai.
Leo wamenipandisha: msindikizaji kavimba jino,
nikavishwa fulana yenye kola, nikapewa kibao, kumi na nne,
nikaambiwa, Mwanakombo, kazi yako ni moja,
thelathini na nane watoke, thelathini na nane warudi.

Nikawahesabu bandarini Matrah.
Nikawahesabu basini, kofia kwa kofia.
Njia nzima milima haina hata jani,
imekaa uchi kama mtu asiyetarajia mgeni,
kisha ghafla mitende, kijani cha kufa mtu,
na Nakhal juu yake: ngome imekalia jabali
kama kuku anayeatamia, hataki kunyanyuliwa.

Aliyetuongoza aliitwa Thuwaiba,
abaya ya vumbi, raba nyeupe,
Kiingereza kwa hawa, Kijerumani kwa wale.
Mlango mkubwa una mlango mdogo tumboni,
makusudi, alisema, ili adui aingie akiwa ameinama.
Akageuka kututazama, akajisahau,
paji la uso likagonga mbao:
"Mama wee!"

Si Kiingereza hicho. Si Kijerumani.
Nikashusha kibao. "Pole, mwenzangu."
Akanitazama kama niliyemfumania bila mtandio.

Bibi yake ni wa Wete, alininong'oneza ngazini.
Kiswahili alikipata jikoni, kikaishia jikoni.
Mzinga, kwake, ni nyumba ya nyuki;
huu wa chuma, unaotazama bondeni, aliuita mchi.
Mnara aliuita chungu.
Na lile tundu juu ya mlango, walipomwagia adui
asali ya tende inayotokota,
alilitafutia jina, akalitafutia, akasema: "Chujio."
Nikacheka.
Kisha nikasimama chini yake, nikatazama juu,
mbingu ikiwa ndogo kama kisahani,
na kicheko kikaniishia.

Alituonyesha ghala, sakafu ya mifereji,
tende zilipolaliana gunia juu ya gunia
hadi utamu ukajitoka wenyewe, ukatiririka mtungini.
Alituonyesha askari alipolala,
liwali alipokunywa kahawa,
mfungwa alipokwangua ukuta.
Nikamuuliza: nani alichemsha?
Usiku kucha, kuni, moshi,
kukoroga isishike chini, na adui haji,
na kesho kukoroga tena.
Mimi mvuke naujua. Umeniandika mkono wote wa kulia.
Thuwaiba akafungua mdomo,
akapekua lugha zake zote.
"Hawakuandika," alisema.

Langoni nikahesabu. Thelathini na saba.
Nikahesabu tena, kwa kidole.
Nikapanda mbio zile ngazi zisizolingana,
msikiti mdogo, chumba cha walinzi, kisima,
nikamkuta ghalani, mzee mmoja, viatu kavua,
kakaa kizani, miguu ndani ya mfereji,
kama anayesubiri kitu kitiririke.
Dereva alikuwa akipiga honi.
Sikumwita. Nilimpa muda wa kupumua mara kumi,
ndipo nikamwonyesha kibao.

Wakati wa kuagana Thuwaiba alinitia mkononi kichupa,
asali ya kwao, kimezongwa gazeti.
Kizibo hakikukazwa.

Sasa niko chini tena. Fulana ya kampuni ina doa,
jeusi, chini ya kola, na kesho inatakiwa.
Maji ya moto yangelikaza, kila dobi anajua.
Nimeiloweka kwenye baridi, nangoja lijiachie lenyewe,
nalamba kidole.
Mashine ya nne imemaliza mzunguko, inalia.
Nimeiacha ilie.